Supu Iliyopikwa Asubuhi

Maeng Il-hwan hakumwambia mtu kwamba Jumamosi ile angekwenda Gwangju kufanya usaili wa okestra. Alimwambia mama yake tu, na mama hahesabiwi. Hakumwambia Mwalimu Mkuu, hakumwambia Bibi Cheon aliyempangisha chumba, na hasa hakuwaambia wale watoto wa bendi ya shule aliokuwa akiwafundisha kupuliza klarineti, tarumbeta na kila kilichokutwa kabatini bila kutu. Na bado, wiki ile ilipoanza tu, kisiwa kizima kilimtazama kama mtu aliyeficha kuku kwapani.

Ndivyo alivyoona yeye. Il-hwan alikuwa na kipaji cha muziki, lakini kipaji chake kikubwa zaidi kilikuwa cha kushuku. Ukimsalimia, alijiuliza unataka nini. Usipomsalimia, alikuwa na jibu tayari.

"Gwangju baridi imeshaanza kuuma, Mwalimu," dereva wa basi alimwambia asubuhi moja, na Il-hwan akashuka kabla ya kituo chake, akatembea hadi shuleni moyo ukimwenda mbio. Gwangju? Kwa nini Gwangju, miji yote hii? Dereva yule kazi yake ni kupeleka basi Gwangju na kulirudisha, kavuka daraja la kisiwa mara nyingi kuliko samaki walivyopita chini yake; angezungumzia baridi ya wapi? Lakini ungemweleza Il-hwan hivyo, angekuuliza nani kakutuma.

Sababu alikuwa nazo, tusimwonee. Chuoni Seoul alikuwa ndiye kijana aliyetajwa kwamba atafika mbali. Kisha nafasi ya kwanza aliyoitaka akaichukua rafiki yake, mtu waliyekuwa wakifanya mazoezi chumba kimoja na kuazimana vifaa. Nafasi ya pili akaichukua mtu asiyemjua kabisa, na hapo Il-hwan akasema wasaili walikuwa wamekula njama. Ya tatu akasema ukumbi uliachwa na baridi makusudi ili chombo chake kipoteze sauti. Akaishia kupuliza kwenye kumbi za harusi, ambako maharusi humaliza kuingia kabla wimbo haujafika katikati, kisha akafungua chumba cha masomo ya muziki ghorofani, juu ya duka la kuku wa kukaanga huko Incheon. Wanafunzi walinuka kuku, na chumba kikafungwa. Ndipo akakubali kazi ya muda katika shule ya kisiwa cha wakulima wa mwani, akiapa kwamba ni ya msimu tu. Msimu ukageuka mwaka, na mwaka ukamleta hapa: Februari mkataba unaisha, na okestra ile ya Gwangju haichukui mtu aliyevuka umri ambao Il-hwan angeuvuka mwakani. Akikosa Jumamosi, klarineti yake itabaki kuwa chombo cha kufundishia watoto. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, na hilo ndilo alilokuwa akilificha.

Mwalimu Mkuu Tak alimwita ofisini akampa kahawa tamu ya kikombe cha karatasi. Tak alikuwa mnene, mpole, na anapenda kuzungumza huku akipanga vitu mezani.

"Mwalimu Maeng, mwakani hutatuacha, sivyo?"

"Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

"Lazima kuna kilichokufanya uulize."

"Kilichonifanya niulize ni kwamba mwaka unaisha," Tak alisema, akisogeza kalamu. "Ukibaki, nitapigania nafasi yako iwe ya kudumu. Ukiondoka, bendi naifunga, nikwambie ukweli. Mwalimu gani mwingine wa muziki atakubali kuja huku kunuka mwani?"

Il-hwan alikunywa kahawa haraka akaungua ulimi. Kwa hiyo sasa alijua: walikuwa na sababu. Mtu mwenye sababu, kwa hesabu za Il-hwan, tayari ana nusu ya hatia.

Kisha ikaja habari ya utete. Klarineti bila utete ni gogo lenye matundu. Kile kipande chembamba cha tete kinachokaa mdomoni ndicho kinachotetemeka na kutoa sauti, na katika kisanduku kizima cha tete mtu akipata mmoja mzuri anashukuru. Il-hwan alikuwa nao mmoja, laini, unaoitika hata ukiupulizia kwa mnong'ono. Aliuweka katika kijisanduku chake juu ya rafu, akautunza kwa ajili ya Jumamosi. Jumatano aliporudi kutoka kazini, kijisanduku kilikuwa kimegeuka. Kilikuwa kimetazama dirisha, sasa kimetazama mlango.

Akafanya kama wapelelezi wa kwenye sinema. Aling'oa unywele wake mmoja, na hakuwa nazo za kuchezea, akaulaza juu ya kijisanduku. Kesho yake unywele haukuwepo.

"Bibi," alimwambia Bibi Cheon walipokutana uani, "kuna mtu anaingia chumbani kwangu?"

Bibi Cheon alikuwa amechuchumaa akisugua kabichi za kimchi, ile achari ya Kikorea, mikono kwenye glavu nyekundu za mpira. Hakuinua kichwa. "Vumbi linaingia. Nami naingia kulitoa."

"Naweza kufuta vumbi mwenyewe."

"Ungekuwa unaweza, lisingekuwepo."

Mwanamke huyo alikuwa amefunga mwani kwenye kamba tangu akiwa binti, mumewe alishafariki, na aliyebaki naye nyumbani ni mjukuu wake Sol-bi, mwanafunzi wa darasa la kwanza la sekondari. Il-hwan alipofika kisiwani, Sol-bi alikuwa hasemi. Si bubu, mama yake alikuwa amekwenda kutafuta maisha kwingine bila kuaga, na mtoto akaona maneno hayana faida. Il-hwan hakumbembeleza. Alimpa klarineti mbovu ya shule, akamwonyesha pa kuweka mdomo, akaenda zake, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amechoka na watoto wote duniani. Mtoto akapuliza mpaka bibi yake akahamia jikoni. Alipoanza tena kusema, neno la kwanza lilikuwa kulalamika kwamba utete wake umepasuka.

Na sasa alikuwa hanyamazi. Ijumaa, baada ya mazoezi, wenzake walipokuwa wakifunga vyombo, alimsogelea Il-hwan akauliza, "Mwalimu, mtu akipuliza nyuma ya pazia, wanajuaje ni yeye?"

Il-hwan alihisi kama kamwagiwa maji ya barafu mgongoni. Katika usaili mpigaji hukaa nyuma ya pazia ili wasaili wasimwone. "Nani kakwambia habari za pazia?"

"Niliona kwenye televisheni."

"Kipindi gani?"

"Sikumbuki."

"Chaneli gani?"

"Mwalimu, mbona unauliza kama polisi?" Sol-bi alisema, akabeba mkoba wake akakimbia.

Usiku huo Il-hwan alilala amekumbatia sanduku la klarineti. Simwongezei, ndivyo alivyolala.

Jumamosi aliamka mapema, akavaa shati la kola iliyonyooka, akatoka barazani kwa kifungua kinywa. Kila siku Bibi Cheon alimwandalia wali, samaki wa kukaanga na mchuzi wa maharage ya soya, na kila siku Il-hwan alikula bila kutazama. Leo alitazama. Mbele yake kulikuwa na wali mweupe wa moto, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, na bakuli kubwa la supu ya mwani, majani ya kijani yanang'aa, yanaogelea katika mafuta ya ufuta.

Kijiko kikamwanguka.

Hakuna mtoto wa Kikorea asiyejua jambo hili. Mwani unateleza. Anayeula asubuhi ya mtihani, naye atateleza, ataanguka, atarudi nyumbani mikono mitupu. Mama wenye watoto wa shule huficha mwani kabatini wiki nzima ya mitihani, na hata profesa wa sayansi, anayecheka ushirikina wa wenzake, ukimwekea supu hiyo siku ya mtihani wa mwanawe atakuuliza una kisa gani naye. Kisiwani mwani uliliwa karibu kila siku, hilo ni kweli. Lakini si hivi, si na nyama ya ng'ombe iliyofuatwa ng'ambo ya daraja, si bakuli kubwa namna hii, si leo.

"Hii ni nini?" Il-hwan aliuliza.

"Supu," alisema Bibi Cheon.

"Naona ni supu. Kwa nini supu hii, leo?"

"Kula kwanza, Mwalimu, inapoa."

"Sili! Mnadhani sijui? Dereva, Mwalimu Mkuu, mtoto na mapazia yake, wewe na vumbi lako! Mmekaa mkapanga. Maeng akipata kazi Gwangju bendi inakufa, basi Maeng na ateleze! Mmenilisha mwaka mzima kumbe mlikuwa mnaninenepesha kwa siku hii!"

Bibi Cheon alimtazama. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa. "Uteleze wapi, Mwalimu?" aliuliza taratibu.

Hapo Il-hwan akagundua kwamba siri aliyoilinda wiki nzima ameitangaza mwenyewe, kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Aliona aibu, na aibu kwa mtu kama yeye hugeuka hasira papo hapo. Akasukuma meza, supu ikamwagika kidogo kwenye trei, akachukua sanduku lake akatoka. Kwenye kona aligeuka mara moja. Bibi Cheon alikuwa bado amepiga magoti mbele ya meza, anafuta ile supu iliyomwagika kwa kitambaa, polepole.

Basi lilikuwa limeshapita mashamba ya vitunguu ya bara simu ilipolia. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, umeamka salama? Leo siku yako ya kuzaliwa."

"Mama, siku yangu ya kuzaliwa ni mwezi ujao."

"Hiyo ya kwenye pasipoti. Mimi naongea ya kalenda ya mwezi wa angani, ile ya kweli. Inahama, ndiyo maana huijui. Mimi siwezi kuisahau, mimi ndiye niliyekuwepo." Alicheka, akakohoa. "Nilimpigia simu yule bibi yako, nikamwomba akupikie supu ya mwani. Mtu asipokula supu hiyo siku yake, ni kama hakuzaliwa. Akaniambia nisijali, atavuka daraja aende akatafute nyama nzuri."

Il-hwan alifumba macho. Aliliona bakuli lile, na magoti ya Bibi Cheon sakafuni. Mwanamke kavuka daraja kwa ajili ya nyama, kaamka kabla ya watu, kapika supu ya kuzaliwa ya mtoto wa mwenzake, na malipo yake ni kutukanwa barazani kwake mwenyewe.

"Ameipika, mama," alisema.

"Ameipika? Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Umekula?"

"Hapana."

"Afadhali," mama yake alisema, halafu basi likaingia handakini na simu ikakatika.

Il-hwan hakulifikiria neno lile. Alikuwa anajifikiria yeye. Alitaka kumpigia Bibi Cheon aombe radhi, akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Angesema nini? Nilidhani unataka nianguke, kumbe ulitaka nizaliwe? Akaamua ataomba radhi uso kwa uso, akishafaulu, akiwa na boksi la keki mkononi. Mtu aliyefaulu anaomba radhi kwa urahisi zaidi.

Ukumbini walimpa namba. Chini walitandika zulia ili viatu visisikike, na mbele yake lilining'inia pazia jeusi. Aliulowesha utete wake mzuri, akaufunga, akapuliza. Mwanzo ulikwenda vizuri, nasema haki. Sauti ilitoka nene na tulivu, kama ile ya enzi za chuo, na Il-hwan mwenyewe alishangaa kuisikia. Halafu nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Kikohozi tu. Novemba watu hukohoa. Lakini Il-hwan akajiuliza: kile ni kikohozi au ni ishara? Nani anamwashiria nani? Akiwa bado anajiuliza, vidole vikachelewa, pumzi ikafika kabla ya vidole, na klarineti ikatoa mlio mmoja mkali, ule ambao watoto wake wa bendi wakiutoa huanguka chini kwa kicheko. Hakuna aliyecheka hapa. Akaendelea hadi sauti ya upole iliposema, "Asante, inatosha."

Matokeo yalibandikwa ukutani jioni ileile. Namba yake haikuwepo.

Alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu akitafuta wa kumlaumu. Utete ulikuwa mzima. Ukumbi ulikuwa na joto. Wasaili hawakumwona wala hawakujua jina lake. Supu hakuonja hata kijiko kimoja, na bado aliteleza. Alimtafuta mtu mwingine mle ndani, akapitia kila uso, kila mlango, na hakumpata. Ikamuuma kuliko mara zote zilizotangulia. Zile nyingine alikuwa na wa kumchukia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Keki hakununua.

Aliposhuka basi kisiwani, jua lilikuwa halijazama bado, na njia ya kwenda kwa Bibi Cheon ilipita mbele ya geti la shule. Kwenye nondo za geti kulikuwa na vitu vimebandikwa. Alisogea. Zilikuwa peremende za kunata, zile za mchele, rangi ya maziwa yaliyoungua, zimekandamizwa kwenye chuma kwa vidole, nyingine zimeanza kuchuruzika.

Damu ikampanda. Kwa Kikorea kumwambia mtu "kula peremende" ni tusi zito, hata madereva wa malori huangalia kwanza kama kuna watoto karibu. Kwa hiyo ndivyo. Bibi kishawaambia, nao wamempokea. Mwalimu wenu alitaka kuwakimbia, kaanguka, basi na ale peremende! Akaanza kuzibandua kwa kucha, moja baada ya nyingine, zinamng'ang'ania vidoleni, anazitupa haziendi.

"Usibandue! Mwalimu, usibandue!"

Alikuwa Sol-bi, anakimbia kutoka upande wa nyumbani, viatu vya ndani miguuni.

"Nani kafanya huu upuuzi?"

"Sisi. Bendi yote."

"Mnanitukana hadharani?"

"Kukutukana?" Sol-bi alisimama mdomo wazi. Kisha akaelewa, akaweka mikono miwili mdomoni. "Aa! Hapana, Mwalimu! Ni za mtihani! Ili unate!"

Ndiyo, na hilo pia kila mtoto analijua. Mwani huteleza, peremende hunata, na anayenata amefaulu. Siku ya mtihani mkubwa wazazi huzibandika kwenye geti la mahali mtihani unapofanyika, wakasimama hapo wakiomba. Il-hwan alikuwa amezibandikiwa mwaka aliofanya mtihani wa chuo. Mama yake alisimama kwenye baridi mpaka akapata mafua.

"Bibi alituambia ulipoondoka," Sol-bi alisema. "Tukachanga peremende. Gwangju ni mbali, tukasema geti ni geti." Akatazama vidole vya Il-hwan vinavyonata. "Umenata, Mwalimu?"

Angeweza kudanganya. Aliwahi kudanganya watu wakubwa kuliko huyu. "Nimeteleza," alisema.

Sol-bi hakusema pole. Alitazama geti, akatazama chini. "Basi labda zilikuwa chache," alisema, wakaongozana kwenda nyumbani.

Bibi Cheon alikuwa ameandaa meza tayari. Il-hwan hakukaa. Alipiga magoti barazani, akainama mpaka paji la uso likakaribia mbao, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu tangu baba yake alipozikwa.

"Bibi, nisamehe. Mama ameniambia. Ulinipikia supu ya kuzaliwa, nami nikakufanya mchawi. Nimeishi vibaya na watu maisha yangu yote. Kila anayenipa kitu namwona ameficha kisu chini yake. Hukustahili maneno yale."

Bibi Cheon alichukua upawa. Alitia supu kwenye bakuli, ileile ya asubuhi, imepashwa moto, nyama imelainika zaidi. Aliiweka mezani. Akatia wali. Akapanga vijiti, akavipanga upya.

"Inuka ule," alisema.

"Nimeteleza, Bibi."

"Najua. Ungekuwa umenata ungepiga simu. Kula."

Il-hwan akachukua kijiko, akanywa. Ilikuwa supu nzuri kupita kiasi. Aliisikia ikishuka mpaka tumboni, mahali palipokuwa patupu tangu alfajiri, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa amefikisha nusu ya bakuli Bibi Cheon alipoweka mikono magotini akasema, "Sasa nikwambie, maana ukiendelea kuniinamia hivyo sitalala."

"Niambie nini?"

"Mama yako aliponipigia, hakusema nipike asubuhi."

Kijiko kikasimama hewani.

"Alisema jioni. Alirudia. 'Mpikie jioni, dada yangu, akisharudi, maana asubuhi ana usaili Gwangju, asije akateleza.' Nikamwambia nimesikia. Na nilisikia. Masikio yangu ni mazima."

"Lakini..."

"Nikapika asubuhi."

Il-hwan akakumbuka lile "Afadhali" la mama yake, na sasa akalisikia vizuri. Akakumbuka ule uso mtupu barazani, "Uteleze wapi, Mwalimu?" Kumbe mwanamke huyu angeweza kuigiza sinema.

"Nilimfikiria huyu," Bibi Cheon alisema, akimwelekezea Sol-bi kidevu, kana kwamba mtoto hayupo. "Nikasema, akiondoka mwalimu, mtoto atafunga mdomo tena, na mimi sina miaka mingine ya kungoja aufungue. Sikutaka uanguke vibaya. Nilitaka uteleze kidogo tu. Uliposukuma meza nikamshukuru Mungu kwamba hukula, nikafuta ile supu. Ndipo nikawaambia watoto habari ya peremende, nirekebishe nilichoharibu."

"Nao wakazibandika kwenye geti la hapa," Il-hwan alisema polepole.

"Watoto hawana akili. Niliwaambia wabandike, sikuwaambia wapi. Peremende hubandikwa pale unapotaka mtu anate. Kila mtu anajua."

Il-hwan akamtazama Sol-bi. Sol-bi alikuwa anatazama sana ndani ya bakuli lake.

"Geti ni geti, eh?" Il-hwan alisema.

"Gwangju ni mbali," Sol-bi alisema bila kuinua macho, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Basi alikuwa sahihi. Maisha yake yote alishuku, na mara nyingi alishuku hewa. Leo, kwa mara ya kwanza, njama ilikuwepo kweli, na waliokula njama ndio hawa, wamekaa naye mezani. Alingoja hasira ipande. Aliijua njia yake, inaanzia tumboni, inapita kifuani. Haikupanda. Kilichopanda kilikuwa kitu kingine, akaweka kijiko chini. Miaka yote aliamini watu wanapanga namna ya kumwondoa. Hakuwahi kufikiria, hata katika mawazo yake mabaya kabisa, kwamba kuna mtu angekaa chini akapanga namna ya kumbakiza.

"Umekasirika, Mwalimu?" Bibi Cheon aliuliza.

"Nimekasirika sana," alisema Il-hwan. Akanywa supu yote iliyobaki, akainua bakuli kwa mikono miwili mpaka likawa tupu, akalisukuma mbele yake. "Ongeza."